Kibete Kwenye Friji la Waridi

Jumatatu, 4 Mei

Nimefungua duka saa mbili kasoro. Nimefagia. Nimekata mikia ya waridi, nimebadilisha maji ya ndoo zote, nimempa Kibete vijiko vitatu vya maji ya AC. Vitatu, si vinne. Cha nne kinamuozesha.

Maji ya bomba simpi. Tangi liko juu ya paa, na Maskati mwezi huu ukifungua bomba la baridi unaweza kuchemshia yai. Ya AC yanadondoka ndani ya ndoo nyuma ya duka, hayana chumvi wala dawa. Wazo langu hilo. Hakuna aliyenifundisha. Skuli niliiachia kidato cha pili, Wete, na walimu wangu wangeniona leo wangeniomba radhi mmoja mmoja.

Nikija kulisoma daftari hili nimeshakuwa tajiri, nisije nikasahau Kibete ni nani. Ni ua. Ua la milima ya barafu, Norwe, mbali huko juu ambako hata jua linaona baridi. Muna, mtoto wa tajiri wangu Mzee Nassor, anasomea majani ya huko. Alikuja naye Disemba ndani ya chungu kidogo kama kikombe cha uji, Mzee akamleta dukani. Kimo chake hakifiki kidole changu cha kati. Hasimami, anatambaa. Majani yake madogo, kingo zake kama meno ya msumeno, juu kijani kibichi, chini meupe kabisa, kama mtu aliyevaa kanzu mpya ndani. Kwenye chungu pana kibao kimeandikwa jina lake la kitaalamu. Driasi. Jina kama la dawa ya kikohozi. Mie nikamwita Kibete, na hajalalamika.

Anaishi kwenye friji la kioo, rafu ya juu, karibu na taa. Chini yake waridi, karafuu za Uholanzi, zile za maua si zetu za Pemba, majani ya mapambo. Wote hao wanakuja na kuondoka. Yeye ndiye mwenye nyumba.

Alkhamisi, 7 Mei

Mzee Nassor amekuja tena na jaketi lake. Nje joto linaua kunguru, yeye kavaa jaketi, kafungua mlango wa friji, kaingiza kichwa. Ati anakagua waridi. Waridi ziko chini, yeye anatazama juu.

Huyu mzee miaka ishirini na kitu aliendesha basi la wanafunzi wa chuo kikuu, Al Khoudh. Amestaafu, akafungua duka la maua hapa Ghubra. Ua hajui moja. Kazi nafanya mie na Atieno. Atieno ni Mkenya wa Kisumu, mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi.

Mzee akauliza bila kugeuka: "Huyo mgeni wako hajafa?"

Mgeni wangu! Mtoto wake ndiye aliyemleta, mgeni awe wangu. Nikamjibu hafi mtu nikiwepo mie. Akafunga mlango, akaenda zake.

Atieno akacheka. "Wewe Mbarouk, wacha kujiskia. Siku hiyo kitu itakufa, utalia kama mtoi."

Nilie mie. Mwanamume kutoka Pemba.

Lakini nimeona kitu leo. Katikati ya majani pana kijicho cha ua, kimeinama, kina manyoya meusi. Sijamwambia mtu. Nataka niwe wa kwanza.

Ijumaa, 8 Mei

Asubuhi hatufungui. Nimekwenda hivyo hivyo, nina ufunguo.

Amefunguka.

Meupe. Nimehesabu mara tatu, mapetali manane. Katikati manjano kama kiini cha yai. Ua kubwa kuliko yeye mwenyewe, kama mtoto aliyevaa kilemba cha babu yake. Nimekaa chini mbele ya friji nusu saa nzima. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nimeshafunga mashada ya maharusi wakubwa wa mji huu, nimepamba kosha, jukwaa la bibi harusi, mpaka mama wa bwana harusi akalia, na hakuna hata moja lililonifanya nikae chini.

Baada ya sala akaja Mzee. Kumbe naye huwa anakuja Ijumaa! Tukakutana kama wezi wawili wa nyumba moja. Akatazama. Midomo yake ikawa inahesabu. Alipofika nane akatikisa kichwa, akasema mashaallah, basi.

Nikatoa simu nipige picha nimtumie Muna. Akanishika mkono.

"Picha usimpelekee mtu."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mlango wa friji uko wazi, umeme unalipwa.

Nimenuna. Nimemlea miezi mitano, leo ametoa ua, halafu iwe siri? Mzee ana roho ngumu. Hazungumzi na mtoto wake ila salamu, na simu Muna huwa anampigia shangazi yake, si yeye. Walikosana mambo ya Muna kukaa huko. Zaidi ya hapo sijui, na si langu. Lakini ua lilikuwa langu.

Jumatano, 13 Mei

Kibete ana tabia. Ua lake linafuata taa. Asubuhi nikamgeuza akatazama ukutani, kumtania tu. Mchana nikamkuta amejipinda shingo, anaitazama taa tena. Nikamgeuza tena. Akajigeuza tena. Mshari huyu. Tunaelewana.

Leo kaja dada wa bibi harusi mmoja, wa Ghubra hapa hapa. Kaona friji. Anamtaka Kibete kwa ajili ya shada la mkononi la bibi harusi. Nikamwambia hauzwi. Akasema kila kitu dukani kinauzwa. Nikamwambia basi na mie niko dukani, anunue na mie. Ilimbidi Atieno akimbilie nyuma kucheka. Yule dada akachukua okidi, akaondoka amekasirika na amependeza.

Jumapili, 17 Mei

Mapetali yameanguka. Yote manane. Nimeyaokota kwenye rafu, nimeyatia ndani ya daftari hili.

Pamebaki nywele. Rundo la nywele nyeupe zimejisokota juu ya kijiti, kama bibi aliyeamka hajachana. Mbaya. Muna anakuja tarehe ishirini na sita, kwa Idi. Siku tisa tu! Angeshindwa kusubiri siku tisa? Nilikuwa nimeshapanga: namfungulia friji, nasogea pembeni, naacha atazame, halafu nasema kwa sauti ya chini, ni mie.

Sasa nitamwonesha nini? Kibete mzee.

Nimemwambia Mzee ua limekwisha. Akaja kutazama. Uso wake siujui kuusoma. Wala hakufurahi wala hakuhuzunika. Alikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Lakini majani mazima?" akauliza.

Mazima, nikasema. Akatoa pumzi. Kama ni ya raha au ya dhiki sijui.

Jumamosi, 23 Mei

Balaa.

Nimefungua duka, harufu imenipokea mlangoni. Friji limekufa. Kompresa imeungua. Ndani joto kama nje, waridi zimelaza vichwa zote, na wiki ya Idi hii, na oda tatu za leo.

Sikuzitazama waridi. Nikamtoa Kibete kwanza. Majani yamelegea kidogo. Nikamtia ndani ya boksi la barafu la Atieno la chakula chake cha mchana, chakula nikakiweka mezani. Kaniapiza kwa Kijaluo. Halafu akaona ndani ya boksi pana nini, akaenda kununua barafu mwenyewe. Mdomo tu yule.

Fundi kaja. Kipuri mpaka baada ya Idi, maduka yote yanafunga. Mzee kamshika bega fundi, kamuomba. Sijawahi kumuona Mzee akiomba.

Tukaamua Kibete aende nyumbani kwa Mzee, Mabela, kwenye friji la jikoni. Nikampeleka mwenyewe. Droo ya chini, ya mboga, kati ya kotmiri na ndimu. Nikamwandikia karatasi: USIGUSE, NI MALI YA MUNA. Herufi kubwa, kwa kalamu nyekundu. Mwandiko wangu ukiuona utadhani nimemaliza chuo.

Jumapili, 24 Mei

Ya leo sitaki kuyaandika. Naandika hivyo hivyo.

Nimekwenda Mabela saa nne na chupa yangu ya maji ya AC. Jikoni amekaa Bi Shamsa, dada mkubwa wa Mzee. Ndiye aliyemlea Muna tangu mama yake alipofariki. Mbele yake pana kikombe, kinatoa moshi.

"Njoo, Mbarouk. Hii za'tari yenu nani kawauzia? Haina harufu wala ladha. Mmeibiwa."

Nikafungua droo.

Upande mmoja wa chungu hakuna kitu. Vijiti. Amechuma kama anavyochuma kotmiri, ukucha kwa ukucha, nadhifu. Upande wa pili majani yapo, na zile nywele zipo, zimelala.

Hapa kila nyumba ina za'tari ya Jabal Akhdar. Jani dogo la mlimani, ukiumwa tumbo unachemsha. Bi Shamsa jana kala samaki, kaumwa tumbo usiku kucha, asubuhi kafungua friji, kaona jani dogo la mlimani. Angefanya nini kingine? Na karatasi yangu? Iko pale pale. Bi Shamsa kasoma chuo cha Kurani tu, Unguja, herufi anazojua ni za Kiarabu. Kiswahili chake kizuri kuliko changu na karatasi yangu kwake ni michoro ya kuku. Sikufikiri. Mimi, mjanja wa wajanja.

Nikamwambia. "Bibi, hii si za'tari. Hili ni ua la Muna."

Akakiweka kikombe chini polepole. Akalitazama.

"Limekufa?"

"Bado."

Tena akasema neno ambalo bado nalisikia. "Basi mwanangu, liache life."

Nikadhani nimesikia vibaya. Hapo ndipo akanieleza, na mie nikakaa chini, sakafuni.

Mzee alimwambia Muna, mtu wa joto haishi kwenye barafu, rudi nyumbani. Kila simu, rudi nyumbani. Disemba Muna akaja na chungu, akamuwekea baba yake mapajani. Akamwambia: Baba, huyu ni wa barafu. Nakuachia kwenye joto lako. Nikija Idi kubwa nikamkuta amekufa, umesema kweli, narudi, natafuta kazi hapa Al Khoudh nakaa na wewe. Nikimkuta hai, usiniambie tena nirudi.

"Na ndugu yangu akakubali," akasema Bi Shamsa. "Mbele yangu. Alikuwa anatakiwa asifanye kitu tu, Mbarouk. Asifanye kitu, jani life, mtoto arudi. Mie nna miaka sabiini na mbili. Nnamtaka mwanangu."

Akalia. Nami nikakosa pa kutazama.

Miezi mitano nampa vijiko vitatu. Miezi mitano najisifu. Kumbe kila kijiko nilikuwa namfukuza mtoto wa watu. Kwa nini Mzee hakuniambia? Neno moja lingetosha. Mbarouk, mwache. Ningemwacha. Labda.

Nimemrudisha Kibete kwenye droo. Sikumpa maji. Sikumnyima pia, chupa nimeiacha kando yake. Woga tu. Nimeondoka nimekasirika na kila mtu, na Kibete pia.

Sijala.

Jumatatu, 25 Mei

Sikulala vizuri. Asubuhi na mapema Mabela. Nimeamua njiani: nampa maji. Tena nikaamua: simpi. Nimefika sijaamua.

Droo tupu.

Bi Shamsa anakaanga vitumbua, hanitazami. "Kalichukua Nassor mwenyewe," akasema.

Nikajua limetupwa. Nikatoka nje, na kweli nilikuwa nakwenda kutazama pipa la taka, mie na ujana wangu wote. Mbele ya nyumba pana gari limewashwa, kubwa, la mpwa wa Mzee, la kupandia milima. Vioo vina ukungu kwa AC. Mzee Nassor kwenye usukani na jaketi lake. Kiti cha pembeni yake pana boksi la barafu la Atieno, limefungwa mkanda wa usalama.

Nikafungua mlango wa mbele.

"Nyuma," akasema. "Mbele pana mtu."

Nikapanda nyuma.

Masaa mawili na zaidi. Hakuzungumza mpaka tulipoiacha Nizwa. Mwanzo wa mlima, Jabal Akhdar huo huo, polisi wanasimamisha kila gari, wanatazama kama linaweza kupanda. Askari mmoja kijana akauliza mnakwenda wapi. Mzee akasema juu, tuna mgonjwa. Askari akachungulia, akaniona mie nimenenepa na vitumbua vya Bi Shamsa.

"Mgonjwa huyu?"

Mzee akafungua kifuniko cha boksi. Askari akatazama. Akatazama tena. Akamuuliza, ya ami, hili ni jani?

"Ni la binti yangu," Mzee akasema.

Askari akasimama wima, akatupungia mkono tupite. Wallahi alisimama wima.

Mzee anaendesha kama basi bado liko nyuma yake na wanafunzi arobaini ndani. Kona zote polepole, honi kila kona. Juu kabisa anakaa rafiki yake, Mzee Said, dereva mwenzake wa zamani, ana nyumba ya mawe na bustani ya waridi na makomamanga. Nikashuka garini, nikasimama. Baridi! Si ya AC. Upepo wa kweli wa baridi, mwezi wa tano. Miaka miwili Oman sikujua kama ipo.

Nyuma ya nyumba pana ukuta mnene, jua haliupigi ila asubuhi, na chini yake unapita mfereji wa falaji, maji yanakuja moja kwa moja kwenye mwamba. Nikaingiza mkono. Yanauma. Mzee akapiga magoti, akachimba kwa vidole vyake, akamtoa Kibete kwenye chungu na udongo wake, akampanda kati ya mawe mawili. Akamzungushia kokoto. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyebeba gunia.

Nikashindwa kujizuia. "Mzee, Bi Shamsa kanieleza. Si ungemwacha tu?"

Hakugeuka. Nikadhani kanipuuza.

"Kaniachia mkononi," akasema. "Mtoto kanichagua mie, hakuchagua mtu mwengine. Nikiue kitu chake makusudi, halafu aje akae nyumbani kwangu, anipikie, aniite Baba? Nitamtazama vipi?"

Akaisogeza kokoto moja karibu na shina.

"Kila siku nilikuwa naomba life. Kila siku nilikuwa naja kutazama kama halijafa. Mimina maji, usinikodolee macho."

Nikamimina. Vijiko vitatu.

Nampenda yule mzee. Naandika mara moja tu, na anayelisoma daftari hili bila ruhusa aote chunusi.

Jumanne, 26 Mei

Arafa. Nimefunga. Joto, na Atieno anakula ndizi mbele yangu kwa makusudi.

Muna amefika mchana. Nilikuwepo kubeba mabegi. Mwembamba, mfupi kuliko kwenye picha, anacheka kwa pua. Akamkumbatia Bi Shamsa muda mrefu. Akambusu baba yake mkono, naye akambusu kichwa. Wakasimama.

Muna hakuuliza. Macho yake ndiyo yalikwenda kwenye madirisha yote.

"Lipo," akasema Mzee. "Liko mahali." Akachukua begi zito yeye, mie akaniachia jepesi.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Kanzu mpya, sala, nyama, nyama tena. Bi Shamsa anamkwepa Muna. Kila Muna akiingia jikoni yeye anakumbuka kitu ukumbini.

Nimekula mpaka aibu.

Alkhamisi, 28 Mei

Tumepanda wote. Mzee, Muna, Bi Shamsa, mie. Mie nyuma tena.

Roho yangu ilikuwa mkononi njia nzima. Siku tatu hatujamuona. Mzee Said kwenye simu alisema yupo, lakini Mzee Said macho yake yana mtoto wa jicho, angeweza kuwa anamwagilia kokoto.

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kibete yupo.

Nusu kipara, nusu kijani. Kwenye vile vijiti Bi Shamsa alivyovichuma pana nukta, ndogo kama ncha ya sindano, kijani. Mbili. Nimezihesabu mimi kwanza.

Muna akavua viatu, akalala kifudifudi kwenye mawe, kidevu chini, na nguo yake ya Idi. Nikafikiri kaanguka. Kumbe ndivyo wanavyomtazama huko kwao. Akasema bila kuinuka: "Huwezi kumuona ukiwa umesimama. Lazima umfuate chini."

Mzee akatutazama. Akatazama kanzu yake, nyeupe, imepigwa pasi. Nikajua hatafanya. Akakunja kilemba akanipa nishike, akashika ukuta, akapiga magoti, akalala. Mifupa yake imelia nimeisikia. Kichwa chake na kichwa cha mtoto wake, katikati Kibete.

Walikaa hivyo. Sijui walisema nini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisogea mbali ili nisisikie.

Waliporudi kukaa nikaomba radhi kwa zile nywele. Nikasema ua lilikuwepo, mapetali manane, meupe, mashahidi wapo, lakini limezeeka. Muna akacheka kwa pua. Akasema si uzee huo, ni mbegu. Kila unywele una mbegu yake chini, upepo ndio unaozibeba. Akaniuliza nani aliyekuwa anamlea. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, tangu mwezi wa pili. Nikasema, sote.

Sijui ilitoka wapi.

Hapo Bi Shamsa akashindwa. "Mie nilikunywa," akasema, kwa sauti kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Nna tumbo, nikadhani za'tari. Nusu nimeinywa, mwanangu. Nisamehe." Halafu, kwa kuwa ni mkweli: "Na nilimwambia huyu aiache ife. Na hilo nisamehe."

Muna akamtazama, akamtazama, akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. Akasema huko milimani wazee nao wanalichemsha, kwa tumbo hilo hilo.

"Shangazi, lilipoa?"

Bi Shamsa akafikiri. "Lilipoa," akasema. "Lakini jani halina ladha, siwezi kusema uongo."

Tukacheka wote. Mzee hakucheka. Alikuwa anakung'uta kanzu, udongo hautoki. Akasema, "Haya, Muna. Limeishi."

Maneno matatu hayo tu. Kicheko kikakatika. Muna akamshika baba yake mkono, na nikaona anayelia ni yeye, si yule aliyeshindwa.

Kibete tumemwacha huko. Muna kasema dukani angekufa mwisho wake, mlimani baridi za usiku zitamlinda, Januari huwa panaganda. Ni kweli. Najua ni kweli. Nimemuaga kwa kidole. Mshari wangu.

Jumatatu, 1 Juni

Friji limepona. Nimejaza waridi, karafuu, majani. Rafu ya juu nimeweka ndoo ya okidi, nikaiondoa. Nimeweka utepe, nikauondoa.

Atieno akaja na boksi lake la barafu, ameshalisafisha. Akatazama rafu, akanitazama mie, akanikatia nusu ya chapati yake. Wala hakunitania. Hali yangu lazima ilikuwa mbaya.

Ijumaa, 5 Juni

Tumempeleka Muna uwanja wa ndege. Mzee na mie tu, Bi Shamsa kaagana naye nyumbani, mlango kaufunga kabla gari halijaondoka.

Mzee kabeba begi mpaka kwenye kaunta. Kamtafutia maji. Kamuuliza kama ana sweta karibu, akalitoa kumwonesha, akalipapasa unene wake, akasema jepesi hilo. Muna akasema analo jengine. Akasema sawa.

Walipofika pa kuingilia akambusu kichwa. Nilikuwa nyuma yao na kitoroli.

"Ukifika nyumbani nipigie," akasema. "Mie. Si shangazi yako."

Muna alikuwa ameshapiga hatua. Akasimama. Akageuka, akamtazama baba yake kama hakusikia vizuri, akarudi akamkumbatia tena, mbele ya watu wote, na foleni ikasubiri.

Alisema nyumbani. Nilikuwepo.

Njiani kurudi Mzee kaiweka simu juu ya dashibodi, kioo juu, sauti mpaka mwisho. Kabla hatujafika Ghubra alikuwa ameshaitazama mara tatu. Ndege ilikuwa bado haijaruka.